Sharti Lako ni Lipi? Wapiga Picha Walionifundisha Kurudi Palepale

Miaka saba iliyopita nilipanda basi la alfajiri kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam kuhudhuria semina ya siku mbili ya wapiga picha. Kwenye laptopu nilikuwa na picha zaidi ya elfu arobaini: maharusi, sendofu, mahafali, maulidi, mitumbwi ya Raskazone, watoto wanaocheka, machweo yasiyo na idadi. Aliyekuwa akituongoza alizipitia kama dakika kumi bila kusema neno, kisha akauliza, "Nzuri. Mradi wako ni upi?"

Nikadhani ananiuliza biashara. Nikamweleza studio yangu iko Ngamiani, paspoti nne natoa kwa bei gani, na foleni inavyokuwa shule zikifungua. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka nao ili yaishe.

Leo vijana wanaokuja studio kujifunza nawauliza swali lilelile, ila neno nimebadilisha, maana "mradi" kwetu unanuka ruzuku na semina zenye posho. Nawauliza: sharti lako ni lipi? Mganga hatoi dawa bila masharti. Usile kitu fulani, usipite njia panda, usigeuke nyuma. Nimeangalia kazi za wapiga picha wengi wa zama hizi, wa kwetu na wa mbali, na karibu kila kazi iliyonikaa kichwani ina sharti ambalo mwenyewe alijiwekea na akalishika miaka. Kwa hiyo ukikutana na kazi ya mtu, usianze kwa kuuliza alitumia kamera gani. Najua hiyo ndiyo salamu yetu kwenye magrupu ya WhatsApp. Uliza alijikataza nini.

Naanza na Samuel Fosso kwa sababu ni mwenzetu wa paspoti. Alizaliwa Kumba, Kameruni, mwaka 1962, akalelewa Nigeria kwa babu na bibi yake, akanusurika vita vya Biafra, halafu akahamia Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwa ndugu yake aliyekuwa fundi viatu. Akajifunza kazi miezi michache kwa mpiga picha wa jirani, na mwaka 1975, akiwa na miaka kumi na mitatu, akafungua studio yake. Miaka kumi na mitatu! Umri huo mimi nilikuwa natumwa dukani na kusahau chenji.

Sasa, waliowahi kutumia filamu watanielewa. Mteja anataka picha zake kesho, na filamu bado ina fremu kadhaa hazijapigwa. Ukiisafisha hivyohivyo, umezitupa. Fosso alikuwa akizimalizia kwa kujipiga mwenyewe usiku, baada ya kufunga: suruali za bwaga, miwani mikubwa, viatu vya visigino virefu, pazia nyuma. Nyingine alimtumia bibi yake Nigeria ili ajue mjukuu mzima. Hakuna aliyemwambia kuwa hiyo ni sanaa, na zilikaa hivyo karibu miaka ishirini mpaka zilipoonyeshwa Bamako, Mali, mwaka 1994. Baadaye, mwaka 2008, kwa mtindo uleule wa kujivika mtu mwingine, alijigeuza Nkrumah, Haile Selassie, Muhammad Ali, Angela Davis. Mwaka 2023 akapewa tuzo ya Deutsche Börse kule London, mojawapo ya zile kubwa kabisa za kazi hii.

Nilimwiga. Kamera ya kidijitali haina fremu za kubaki, hivyo nikajitengea dakika kumi baada ya mteja wa mwisho, na kwa kuwa sipendi sura yangu nikawa napiga kiti cha paspoti kikiwa kitupu. Nilipata picha kama mia mbili za kiti. Zote mbovu. Lakini ziliniandaa kumwelewa Mholanzi mmoja, Rineke Dijkstra.

Mwaka 1994 Dijkstra alikwenda kwenye kituo cha wakimbizi kule Leiden, Uholanzi, akampiga msichana mdogo wa Kibosnia aitwaye Almerisa, amekaa kitini na nguo zake nzuri. Miguu haifiki chini. Picha ya kawaida, ungeipita. Ila mpiga picha akarudi, na akarudi tena, kila baada ya mwaka mmoja au miwili: kiti, ukuta, msichana anaangalia kamera. Miguu inagusa sakafu. Nywele zinabadilika rangi, mavazi yanakuwa ya wasichana wa Kiholanzi, macho yanakuwa ya mtu anayejua anaangaliwa. Mwaka 2008 amempakata mtoto wake. Ukiziweka mstari mmoja unasoma habari nzima ya mtu kuhamia nchi nyingine na kuwa mwenyeji, na hakuna hata picha moja kati ya hizo inayojaribu kukusimulia.

Kiti changu hakikuwa na wa kukaa. Ndilo lililokuwa kosa, wala haikuwa lenzi.

Hapo nikaanza kumfuata fundi baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, na karibu na studio kuna Mzee anayetengeneza chini ya mwarobaini tangu kabla sijazaliwa. Nikajiwekea sharti: kila Jumamosi asubuhi, picha moja, kutoka mahali palepale nilipoegemea siku ya kwanza. Nikaenda na kamera, nikaamkia, nikainua. Akaniwekea spana mbele ya lenzi.

"Mwanangu, wewe nani alikutuma?"

Kumbe miaka ya nyuma mtu alimpiga picha akiwa amechafuka grisi, na baadaye mwanawe akaiona kwenye kalenda, mjini, bila yeye kujua wala kupewa hata nakala. Nilirudi studio na kamera haijafyatuliwa. Nilikwenda wiki tano bila kamera. Kazi yangu ikawa kushika gurudumu wakati ananyoosha ringi, na kununua chai.

Katika wiki hizo tano ndipo nilipoiangalia kwa makini kazi ya LaToya Ruby Frazier. Huyu ni Mmarekani, mzaliwa wa Braddock, Pennsylvania, mwaka 1982. Braddock ni mji wa kiwanda cha chuma, huko ndiko Andrew Carnegie alikojenga kiwanda chake kikubwa miaka ya 1870. Kazi za chuma zilipopungua, watu wenye uwezo wakahama, wakabaki weusi maskini na moshi, na mwaka 2010 hata hospitali ya mji ikafungwa. Wapiga picha wa magazeti huja miji ya namna hiyo, hupiga magofu na kuondoka. Frazier alipiga ndani ya nyumba: bibi yake Ruby, mama yake, na yeye mwenyewe, kwa nyeusi na nyeupe, kuanzia mwaka 2001 kwa zaidi ya miaka kumi. Maradhi ya mji unayaona kwenye miili yao.

Kilichonishika zaidi ni mama. Katika picha kadhaa mama ndiye anayeamua wakae vipi, na nyingine kazipiga yeye, binti ndiye yuko mbele. Anayepigwa anashika kamera. Nikajaribu kwa Mzee. Wiki ya sita nilikwenda na kamera, nikamvalisha mkanda shingoni, nikamwambia anipige mimi kwanza. Kichwa kimekatwa, kidole kimeingia kwenye kona, na nyuma yangu baiskeli ya mteja imelala chali kama kasa. Ndiyo picha ya kwanza ya mradi wetu. Ndiyo, wetu. Tangu siku hiyo ananiita "bwana picha" na ananiambia mwanga ukiwa mbaya.

Kwa hiyo kijana, ukitaka ushauri kuhusu ruhusa, wa kwangu ni huo: mpe kamera. Na mpelekee nakala ya karatasi, maana ya kwenye simu inapotea na simu.

Kuna anayelipa kwa njia kubwa kuliko nakala. JR, Mfaransa anayebandika picha kubwa mitaani, alifika Kibera, Nairobi, mwaka 2009 na kufunika mabati ya nyumba, kama mita za mraba elfu mbili, kwa macho na nyuso za wanawake wa palepale. Badala ya karatasi aliyoizoea alitumia plastiki nzito isiyopitisha maji, hivyo ukitazama kutoka juu unaona picha, na aliye chini mvua haimdondokei. Kisha akabandika macho kwenye mabehewa ya treni inayopita pale, na sehemu ya chini ya nyuso akaiweka kwenye mteremko chini ya reli. Treni ikipita, kwa sekunde chache macho yanakutana na midomo. Nina wasiwasi kidogo na kazi za JR, kwa sababu ukubwa wake wakati mwingine unamfanya mtu amkumbuke mbandikaji kuliko waliobandikwa. Lakini yale mabati yasiyovuja nimeyakubali.

Sitaki ufikirie lazima utoke nje. Thandiwe Muriu wa Nairobi alitoka kwenye picha za matangazo, na sharti lake ni kitambaa: mwanamke amevaa nguo ya kitambaa kilekile kilichotandazwa nyuma yake, mpaka kinachobaki kuonekana ni ngozi, nywele zilizosukwa kwa ufundi, na miwani iliyobuniwa kwa vitu vya kawaida vya nyumbani. Kila picha inaambatana na methali. Kwetu tuliokulia kwenye kanga hilo halihitaji maelezo. Nguo isiyo na jina lake haijakamilika. Naye Rinko Kawauchi wa Japani, ambaye mwaka 2001 alitoa vitabu vitatu kwa mpigo, anapiga vitu unavyovikanyaga: tone la maji, yai linalopasuka, mwanga juu ya kijiko, vyote ndani ya mraba. Nilipomwona mara ya kwanza nilisema hata mimi naweza. Nilijaribu mwezi mzima. Siwezi.

Ninayerudi kwake mara nyingi kuliko wote ni Sammy Baloji, labda kwa sababu anatoka Lubumbashi, Kongo, mji ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani, ingawa ukimsikiliza mtu wa kule itabidi uombe arudie. Alizaliwa mwaka 1978 akakuta migodi ya shaba ikidhoofika. Kampuni ya Union Minière iliundwa enzi za wakoloni, mwaka 1906. Baada ya uhuru ikataifishwa na kuwa Gécamines. Na Baloji alipokuwa mtu mzima mitambo ilikuwa magofu. Baloji akapiga magofu hayo kwa rangi, mapana, matupu. Kisha akaenda kwenye nyaraka, akatoa picha za zamani za vibarua weusi na mabwana wa Kibelgiji, akawakata na kuwasimamisha humo, wakiwa bado nyeusi na nyeupe. Mfululizo huo wa mwaka 2006 aliuita Mémoire. Unaona mtu wa miaka mingi iliyopita amesimama mbele ya tanuri lililokufa, kama anasubiri kuulizwa.

Mwaka 2008 yeye na wenzake walianzisha kituo cha sanaa Lubumbashi na kukipa jina la Picha. Neno letu tu, bila mapambo, na ndicho kinachoandaa maonyesho makubwa ya mji huo.

Baloji ndiye aliyenifanya nimuulize Mzee kama ana picha za zamani. Akanitolea bahasha ya kaki: baba yake na baiskeli mbele ya mkonge, mashine za estate nyuma, ukingo umeliwa na mende. Nikaipiga tena papo hapo kwenye mwanga wa dirisha, kwa sababu nilishajifunza kwa uchungu. Diski yangu ya kuhifadhia picha ilikufa mwaka 2019 na harusi za miaka miwili ndani yake, na kuna maharusi mpaka leo tukikutana sokoni tunabadilishana njia. Fosso yalimkuta makubwa zaidi: mwaka 2014, machafuko ya Bangui yalipopamba moto, nyumba yake iliporwa, negativu zikatapakaa nje, na waandishi wa habari waliokuwa wakiripoti vita wakaokoa walichoweza. Weka nakala tatu. Moja isilale nyumba moja na wewe.

Na jinsi ya kuwaangalia hawa watu: usiwaangalie kwa kusukuma kidole. Bando likiruhusu, pakua mfululizo mmoja tu, uchapishe hata kwenye karatasi za kawaida za fotokopi, uzitandaze sakafuni kwa mpangilio aliouweka mwenyewe. Kisha ondoa moja uone kama pengo linaonekana. Mara nyingi inayouma ukiiondoa ni ile uliyoidharau, ile ya kiti kisichokuwa na kitu au mlango. Zile "kali" hutoka bila kelele. Mimi hufanya hivyo na za Mzee pia; ziko mia mbili na kitu sasa, na kila baada ya miezi mitatu nazitandaza na kutoa.

Jumamosi iliyopita nilifika nikakuta kigoda kitupu na mjukuu wake anapuliza mpira kwa pampu. Nikaegemea mahali pangu, nikainua kamera. Yule mtoto akanyoosha mkono, vilevile kama babu yake siku ya kwanza, ila yeye hakuwa na spana.

"Usipige bado," akasema. "Babu kaenda kununua vipachi, kasema umsubiri."

Nikakaa chini.