Kanga za Mama Zimejaa Nyumba, Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mama alituacha mwaka jana. Arobaini ilipopita, vitu vyake vikatolewa chumba chake cha Majengo, Pumwani, vikaletwa kwangu Umoja. Naishi ghorofa ya nne, vyumba viwili, na mume na watoto. Kuna sanduku la mbao limejaa kanga, kinu na mchi wake, mbuzi tatu za kukunia nazi, vitambaa vya viti alivyofuma mwenyewe, kaseti na mfuko wa picha. Mume wangu ni mpole, lakini juzi aliuliza kama tuviuze Gikomba. Ndugu zangu wa Mombasa hawavitaki, ila nikitaja kuuza wanasema namtupa mama. Aliyebaki wa rika lake ni mama mdogo tu, yuko Eastleigh.
Msomaji, Umoja

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Mungu amrehemu mama.

Usiuze kitu kwanza. Muislamu akifa, vyote alivyoacha, hata kijiko, vikishatolewa gharama za mazishi, madeni na wasia, ni vya warithi wote. Viko kwako, lakini si vyako peke yako. Vipige picha kimoja kimoja, uziweke kwenye grupu ya familia, na umuulize kila mmoja anachukua nini na atakuja lini kukichukua. Asiyetaka aandike hapo hapo kwamba ameridhia. Wakishaamua wenyewe, hayo maneno ya kumtupa mama hayatakuwa na pa kusimama.

Na kugawa ndiyo mila yetu. Vitu vya marehemu havikuwa vya kurundikwa kwa mtoto mmoja: nguo zilitolewa sadaka, kanga zikaenda kwa dada na mabinti, vyombo vikachukuliwa na wanaopika. Waswahili wa Nairobi kuhama wanakujua. Pangani ya zamani ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wengi walihamishiwa Shauri Moyo. Walibeba walichoweza, na Uswahili wao haukubaki kwenye vifusi.

Kanga ndizo za kwenda nazo polepole. Mwite mama mdogo, mfungulie sanduku, mtoe moja moja na kuitandaza. Soma jina lake kwa sauti, kisha umwache aseme: hii alipewa na nani, ya harusi gani, alimbebea nani mgongoni. Mwanao mkubwa aandike. Utaona nyingine ni doti nzima, hazijakatwa wala kufuliwa, bado ngumu kwa wanga wa dukani. Hizo ndizo mama aliziweka akiba kwa ajili ya watu, basi wapeni watu: kila binti na kila mkaza mwana doti yake. Zile laini, zilizopauka kwa kufuliwa, ndizo za kumpokelea mtoto mchanga. Kanga laini ya nyanya ina kazi tele katika nyumba yenye mzazi. Kuifungia sandukuni ni kuinyima kazi yake.

Za kubaki kwako, chagua zile ambazo mama mdogo akizitaja sauti inabadilika. Zifue wanga utoke, maana wanga huwaita wadudu, zikauke kabisa, kisha uzizungushe badala ya kuzikunja, kwa sababu kitambaa huchanikia kwenye mkunjo. Weka karafuu au asumini iliyokauka ndani ya kifuko. Zile tembe nyeupe za nafthalini usiziweke kabisa. Mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ambayo si adimu kwa watu wa Pwani, akifunikwa nguo iliyokaa na nafthalini anaweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu, na mtoto mchanga anaweza kupoteza maisha.

Kinu ghorofa ya nne hakina maisha. Jirani wa chini atakuchukia kabla pilipili haijalainika. Kipeleke kwa jamaa mwenye ua, au kwa wale akina mama wanaopika pilau za harusi hapo Majengo. Mbuzi moja ibaki jikoni kwako, utumie. Mbili zigawe. Vitambaa vya viti, tandika seti moja sebuleni na nyingine uwape wifi zako. Sufuria na vyombo visivyo na kisa, kama warithi wameridhia, vipeleke Gikomba bila kinyongo, na mumeo akusaidie kubeba.

Picha ziandike nyuma kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, maana wino hupenya hadi usoni. Andika jina, mahali na mwaka kama unajulikana. Usizibandike kwenye albamu zenye kurasa za gundi, kwani hazibanduki tena bila kuchanika. Asiyejulikana na mama mdogo, rusha picha yake Mombasa uulize huko.

Kaseti ndizo za kuanza nazo, wiki hii hii. Utepe huharibika hata ukiwa umekaa tu, na redio za kaseti zinazofanya kazi zinazidi kuadimika. Sikiliza mwanzo wa kila moja kabla ya kuigawa, hata iliyoandikwa taarabu, kwa sababu wengi wa wazee wetu walirekodi salamu, dua na nyimbo za harusi juu ya kaseti za dukani. Ukisikia sauti ya mama, usiirudishe nyuma tena na tena. Itoe, umpelekee fundi aihamishie kwenye simu, kisha utume nakala kwenye grupu ile ile.