Kwa Nini Nilitoa Pesa Mbili Safi Nikapokea Moja Iliyolika

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Chake Chake aliniletea ujumbe wenye mambo mawili. La kwanza lilikuwa swali: "Maalim, nimesikia umetoa pesa mbili, zile sarafu za shaba za Sayyid Barghash, zinazosomeka vizuri, ukapokea moja iliyofutika hata mizani yake haionekani. Je, umedhulumiwa?" La pili lilikuwa picha ya pesa yake mwenyewe, aliyoirithi kwa babu yake, ikimeta kama sinia la harusi. Aliniarifu kwa furaha kwamba ameisugua kwa ndimu na chumvi mpaka ikatakata, na sasa anataka kujua thamani yake.

Swali lake nitalijibu kwa urefu. Picha yake iliniumiza, kwa sababu miaka kumi na sita iliyopita nilifanya kosa hilo hilo.

Kwanza niieleze hiyo niliyoipokea. Ni pesa ya shaba ya mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, iliyotolewa katika enzi ya Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, ambaye alitawala kuanzia 1870 hadi 1888. Ikiwa mpya, upande mmoja huwa na maandishi ya Kiarabu yenye jina la Sultani, na upande wa pili huwa na mizani pamoja na mwaka. Yangu ukiiweka kiganjani mchana huoni kitu: ni kipande cha shaba laini kama kokoto ya ufukweni. Usiku nilizima taa ya chumba, nikaiweka juu ya kitabu na kuipiga kurunzi kwa ubavu, mwanga ukipita juu yake kwa kulala. Hapo ndipo ulipojitokeza mkono mmoja wa mizani, kisha duara hafifu la sahani yake, na chini yake tarakimu mbili za tisa zilizobaki kama kivuli. Niliipima kwenye mizani ya sonara ikasoma gramu 5 na nukta 1, ilhali pesa mpya ya aina hiyo huzidi gramu 6. Gramu hiyo na ziada imekwenda na vidole vya watu, kidogo kidogo, kwa miaka mingi ya kununulia na kuuzia. Wakati huo riali moja, sarafu kubwa ya fedha, ilihesabiwa kuwa pesa 136, kwa hiyo sarafu kama hii ndiyo iliyokuwa fedha ya mtu wa kawaida. Haikukaa sandukuni kama riali, ilizunguka mikononi.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Bibi yangu mzaa baba, wa Wete, aliniita siku moja akafungua pindo la kanga na kunipa sarafu tano: rupia moja, senti kumi tatu zenye tundu, na pesa moja ya Barghash iliyokuwa na rangi ya halua iliyoiva. Ilikuwa imelika karibu sawa na hii ya sasa, lakini uchafu mweusi uliokuwa umetulia katika mabonde ya herufi uliufanya mwaka usomeke bila shida. Mimi niliona aibu kumwonyesha mtu kitu cheusi namna ile. Nilichukua ukwaju na majivu, nikaisugua kama tunavyosugua masinia ya shaba kabla ya Idi, na baada ya nusu saa ikatoka nyekundu ya shaba mbichi, mwaka ukiwa umetoweka. Niliivusha hadi Unguja kwa boti, nikampelekea mkusanyaji mmoja mashuhuri wa Mji Mkongwe. Aliigeuza mara moja tu, akanirudishia mbele ya watu waliokaa barazani na kusema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Hakunieleza kosa langu lilikuwa nini. Niliondoka nikidhani ameikataa kwa sababu ya kulika, na nikakaa na uchungu huo muda mrefu. Bado upo hata leo ninapoandika.

Miaka iliyofuata naipita, kwa kuwa ilikuwa ya kusoma, kuuliza na kununua vitu nisivyovihitaji. Jambo kubwa nililolipata ni hili: sarafu ya bibi haikukataliwa kwa kulika, ilikataliwa kwa kusuguliwa. Lau ningeipeleka kama ilivyotoka katika pindo la kanga, wapo wakusanyaji ambao wangeitaka kuliko pesa ya aina hiyo hiyo yenye herufi kamili.

Wakusanyaji hao wana hoja ya maana. Wengi wetu tunajua kwamba hali ya sarafu hupimwa kwa daraja kuanzia 1 hadi 70, mpango ulioandikwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kwao, kisha ukaenea. Daraja la 70 ni sarafu isiyo na dosari yoyote. Daraja la 1 ni sarafu iliyolika mpaka ikabaki alama za kutosha tu kuitambua aina yake na mwaka wake. Ikivuka hapo haina daraja tena, ni kipande cha madini. Kwa hiyo daraja la 1 ni ukingo mwembamba sana: sarafu lazima iwe imetumika kupita kiasi, na papo hapo iwe imeondoka katika mzunguko kabla ya kufutika kabisa. Ni sarafu ngapi hubahatika kusimama mahali hapo? Nyingi huyeyushwa kabla, au benki huzirudisha, au hutobolewa, au hupotea. Kampuni ya PCGS ya Marekani, ambayo hupima sarafu na kuzifunga katika vibweta vya plastiki, huorodhesha mashindano ya seti, yaani mikusanyo ya sarafu, ambayo mshindi wake ni mwenye daraja la chini kabisa, na watu wazima wenye fedha zao hushindana humo kwa bidii.

Mfano wao mkubwa ni dola ya fedha ya Marekani iitwayo Morgan, iliyotengenezwa kuanzia 1878 hadi 1904 na tena mwaka 1921. Dola hizo zilitengenezwa kwa mamia ya milioni, lakini nyingi zililala katika magunia ya hazina ya serikali, na zaidi ya milioni 270 za dola za fedha ziliyeyushwa kufuatia sheria ya mwaka 1918. Kwa sababu hiyo, dola ya Morgan iliyo safi si shida kuipata, ila iliyolika mpaka daraja la 1 ni adimu, na yenye mwaka wa kawaida huweza kuuzwa kwa bei kubwa kuliko ndugu yake mwenye daraja la 4 au la 8.

Huku kwetu mfano wangu ni riali ya Maria Theresa. Zote zina mwaka 1780, aliofariki malkia huyo, hata zile zilizotengenezwa muda mrefu baadaye. Wafanyabiashara wa Arabuni na Uhabeshi walijulikana kwa kukagua lulu za kishikizo kifuani mwa malkia, na riali isiyoonyesha lulu hizo vizuri waliikataa. Fikiria basi, sarafu iliyokuwa ikikataliwa mara tu ilipoanza kulika ingewezaje kufika daraja la 1? Iliyokataliwa ilikwenda kwa sonara ikawa kikuku. Mimi ninayo moja iliyobaki uso mtupu bila lulu hata moja, na siitoi kwa rupia kumi safi.

Naamini kila anayesoma hapa anataka kujenga seti ya maana na si kujaza kopo, kwa hiyo nitasema wazi. Kulika kuna haki yake. Sarafu iliyolika kwa haki ni laini pande zote mbili, ukingo wake umeshuka taratibu, na rangi yake ni moja. Iliyopigwa nyundo, iliyopigwa tupa, iliyounguzwa, au iliyounganishwa kikono cha kidani kisha kikang'olewa, hiyo imeharibiwa, na kuharibiwa si kulika. Wauzaji wengi huchanganya mambo hayo mawili kwa makusudi, na mnunuzi mwenye pupa hufurahia unafuu wa bei. Usiinunue. Tundu nalo litazame kwa akili: senti 1, senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zilitoka kiwandani zikiwa na tundu katikati, hiyo ni sura yake na si dosari. Tundu pembeni mwa rupia ni kazi ya msumari.

Na usisugue. Si kwa ndimu, si kwa ukwaju, si kwa majivu, si kwa dawa ya meno, wala kwa kitambaa kikavu. Ile rangi ya halua ni ngozi ya shaba, imechukua miaka zaidi ya mia kujijenga, na katika sarafu iliyolika ndiyo inayobeba maandishi yaliyosalia. Ukiiondoa umeondoa mwaka, na bila mwaka hakuna daraja la 1. Nimekwisha kuwaambia vijana wengi jambo hili, wakaitikia kwa kichwa, kisha wakaenda nyumbani wakasugua. Ninawasihi wasisugue.

Jambo jingine ni magofu. Mwaka 1984 pale Mtambwe Mkuu, karibu na Wete, ilichimbuliwa hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari za dhahabu, na tunaijua historia yake kwa sababu wataalamu waliziona zikiwa mahali pake. Ukiona sarafu katika kifusi cha msikiti wa kale, iache hapo hapo na utoe taarifa. Sarafu zetu sisi tunazitafuta majumbani, kwa masonara, na katika vikopo vya vifungo vya wazee, tena kwa ruhusa ya wenyewe. Wala usianze na senti za mwaka 1908 za Sultan Ali bin Hamud zenye picha ya mnazi. Ni adimu na zitakumalizia akiba. Anza na pesa ya Barghash.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Chake Chake, sikudhulumiwa. Pesa mbili safi ninaweza kuzipata tena, na hii ilinichukua miaka kumi na sita kuipata. Hiyo yako usiisugue tena na usijaribu kuirudishia weusi kwa mafuta au moshi. Ifunge katika karatasi kavu isiyo na wino, iweke mbali na dirisha la upande wa bahari, kwani chumvi ya hewa yetu hutia shaba kutu ya kijani. Kisha zima taa, uipige kurunzi kwa ubavu, na unitumie picha ya upande wa mizani. Nataka kuona kama zile tisa mbili bado zipo.