Kibo: barafu kwanza, picha baadaye

Mara ya kwanza kupanda Kilimanjaro nilitoka kambi ya Barafu saa sita usiku, nikafika Uhuru, ncha ya juu kabisa ya Kibo, alfajiri, nikapanga foleni ya picha kwenye kibao, nikashuka. Nyumbani mama akaniuliza, "Na barafu yenyewe ikoje?" Sikuwa na jibu. Njia nzima nilikuwa nikitazama visigino vya aliyenitangulia.

Safari ya pili sikurudia ujinga ule. Ukifika Stella Point, ukingoni mwa kreta (shimo la volkano), mita 5,756, kaa unywe chai. Kutoka hapo hadi kileleni barafu ya kusini iko mkono wako wa kushoto. Kulia, chini kwenye kreta, utaona kilichobaki cha barafu ya Furtwängler, na mbele zaidi barafu ya kaskazini. Mfuko ukiruhusu, na mwili uwe umezoea (chagua njia ya siku saba au nane), lala kambi ya Crater, humo ndani ya kreta. Kichwa kikigonga sana, shuka. Hapo hakuna ubishi.

Sisi tulilala. Asubuhi nikasimama mbele ya ukuta mrefu kuliko nyumba, umenyooka kama uliokatwa kwa panga, una mistari ya vumbi matabaka kwa matabaka. Usisogee chini yake, vipande hudondoka. Simu iweke ndani ya nguo, baridi humaliza chaji, na miwani ya giza usivue.

Nilitegemea kuona maji yakitiririka. Yalikuwa kidogo tu: hewa ni kavu mno, barafu nyingi hugeuka mvuke bila kuyeyuka. Mwaka 1912 ilifunika kama kilomita za mraba 12; zaidi ya asilimia 80 imeshatoweka, kwa theluji kupungua na joto la dunia.

Watu husema barafu ikiisha mito itakauka. Hapana. Maji ya migombani kule chini yanatoka hasa msituni, kwa mvua na ukungu, kwa hiyo mwenye hofu ya maji aanze kwa kuuzuia msumeno unaokata miti. Weupe ule unalisha wengine: viongozi, wapishi, wagumu, yaani wabeba mizigo.

Mgumu mmoja wa makamo alitua mzigo kando yangu, akanyoosha kidole kwenye uwazi wa mchanga mweusi kati ya mapande mawili ya barafu.

"Naanza kazi, mdogo wangu, hili na lile lilikuwa moja."

Akajitwisha mzigo, akaondoka.