Kabla ya kubadilisha sili ya silinda, tafuta kilichoiua

Silinda ya haidroliki ya kuinua mkono wa kreni, inayosukumwa na mafuta yenye shinikizo, ililetwa mezani kwangu mara tatu ndani ya miezi miwili. Mara mbili za kwanza nilifanya kile ambacho mafundi wengi hufanya: nikaifungua, nikatoa sili zilizochakaa, yaani pete zinazozuia mafuta yasivuje, nikafunga mpya, nikaijaribu ikashika. Wiki chache baadaye mafuta yakaanza tena kuchuruzika kwenye rodi, kile chuma kinachotoka na kuingia kwenye silinda.

Mara ya tatu niliiacha silinda pembeni kwanza, nikaishika ile sili ya rodi na kuizungusha polepole vidoleni. Upande mmoja mdomo wake, ukingo unaoigusa rodi, ulikuwa bado mkali, kama umetoka dukani. Upande wa pili ulikuwa umelika hadi ukawa bapa, unang'aa. Sili iliyozeeka kwa kazi huchakaa mzunguko mzima. Hii ilikuwa inakandamizwa upande mmoja. Nikatazama pete inayoongoza rodi ndani ya kichwa cha silinda: nayo imelika upande uleule. Nikarudi kwenye mashine. Chuchu ya grisi kwenye pini ya chini ilikuwa imeziba, pini imeganda ndani ya bushi, ile pete ya chuma inamozungukia, na silinda iliyotakiwa kujigeuza kwenye pini kila mkono unapopanda ilikuwa inapindwa. Nilitoa pini kwa taabu, nikabadilisha bushi, nikazibua njia ya grisi, ndipo nikafunga sili mpya. Haikurudi tena.

Tangu siku hiyo situpi sili ya zamani kabla sijaisoma. Mikwaruzo ya urefu inaonyesha uchafu kwenye mafuta, au rodi yenye kovu. Iliyokauka ikawa ngumu na kupasuka ukiikunja imepikwa na joto. Mafuta yakizoea kupita nyuzi 80 za Selsiasi, sili za kawaida za mpira hazidumu. Iliyovimba na kulegea imekutana na mafuta yasiyopatana nayo. Iliyoungua ikawa nyeusi ukingoni, kama imetafunwa, mara nyingi ni hewa: mapovu yakibanwa ghafla hupata joto kali hata kuunguza. Iliyokatika mahali pamoja tu, kata safi, hiyo ni kazi ya fundi aliyeifunga.

Kabla ya kugusa nati yoyote, tukumbuke nguvu tunayocheza nayo. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 100, kwenye shinikizo la bar 200, inasukuma kwa nguvu ya karibu tani 16. Kwa hiyo mkono wa mashine ushushwe hadi chini, au usimamishwe kwenye magogo na stendi imara. Usimwamini mtu anayekuambia valvu imefunga. Kuzima injini na kuchezesha leva hakutoshi, kwa sababu silinda nyingi za kunyanyulia zina valvu ya kushikilia mzigo iliyofungwa pale pale kwenye mwili wake, na hiyo hubakiza shinikizo ndani hata mipira yote ya kupitishia mafuta ikiwa imelegea. Fuata kitabu cha mashine hiyo katika kuitoa.

Na usitafute uvujaji kwa mkono. Tundu dogo kama ncha ya sindano kwenye mpira wa haidroliki hutoa uzi wa mafuta unaopenya ngozi. Kidonda huonekana kama kimetobolewa na mwiba, wala hakiumi sana mwanzoni, lakini mafuta yako ndani ya nyama yanaua mishipa. Mtu huyo anahitaji daktari wa upasuaji saa ileile, hata akisema yuko sawa. Tumia kipande cha boksi au ubao, na uvae miwani.

Kuna lalamiko moja ninalosikia kila mara: mzigo unashuka wenyewe, basi sili ya pistoni, kile kichwa cha rodi kilicho ndani ya silinda, imekufa. Si lazima. Fikiria silinda inayobeba mzigo kwa kuusukuma juu, na matundu yake yote mawili yamezibwa kabisa. Hata pistoni ikiwa haina sili, rodi haiwezi kuingia ndani kwa mbali, maana inapoingia inataka nafasi, na mafuta yaliyofungiwa hayana pa kwenda. Kinachopanda ni shinikizo, na hilo ni hatari yake nyingine. Mzigo ukishuka kwa mwendo mrefu, kuna njia ambayo mafuta yanapitia kutoka ndani kwenda nje ya silinda, mara nyingi kwenye valvu ya kushikilia mzigo au valvu ya kuongozea, ile inayoendeshwa kwa leva. Nimeona silinda nzima zikifunguliwa bure kwa kutojua hili.

Ukiifungua, fungua mahali pasafi. Ziba matundu mara tu mipira inapotoka. Kamwe usitumie hewa ya kompresa kusukuma pistoni itoke. Inakaa kimya imekwama, halafu inaruka kama risasi. Ivute taratibu kwa winchi ya mkono, beseni likiwa chini. Piga picha kila sili kabla ya kuitoa, ionekane mdomo ulikoelekea.

Rodi naikagua kwa ukucha. Naupitisha taratibu urefu wote, na pale unapokwama, sili nayo itakwama. Alama ndogo yenye ukingo uliochomoza naisawazisha kwa jiwe laini la kunolea lililotiwa mafuta, nikizungusha kufuata mviringo wa rodi, si kwa urefu wake. Kromu inayoifunika rodi ikiwa imebanduka au kutu imechimba vishimo, rodi iende kupigwa kromu upya; sili mpya juu yake haitafika mbali. Kisha naiviringisha juu ya vyuma viwili vyenye umbo la V huku geji ya mshale ikiigusa katikati. Jicho halioni rodi iliyopinda kidogo, geji inaona. Ndani ya pipa la silinda namulika tochi kutoka upande wa pili, naangalia mistari.

Wakati wa kufunga, bisibisi ikae mbali. Sili za plastiki ngumu nazilaza kwanza kwenye mafuta ya haidroliki yenye uvuguvugu zilainike, na nyuzi za skrubu zilizo mwishoni mwa rodi nazifunika kwa tepu ili zisikate mdomo. Mdomo huangalia upande shinikizo linakotoka. Nati ya pistoni ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha mtengenezaji, na kama ni ya kutumika mara moja iwe mpya. Ikilegea kazini, rodi huachana na pistoni mzigo ukiwa hewani.

Jambo moja linalosahaulika: anayechomelea kwenye mashine afunge waya wa ardhi karibu kabisa na anapochomelea. Umeme ukipita kwenye silinda huacha vishimo kwenye rodi na pini, na cheche zikitua kwenye kromu hushika. Funika rodi.

Silinda ikirudi mahali pake, naichezesha bila mzigo, polepole, mara kadhaa mwendo wote, hadi iache kutetemeka na hewa iwe imetoka. Naongeza mafuta kwenye tangi. Baadaye nanyanyua mzigo wa majaribio, watu wote wakiwa mbali, nachora alama ya kalamu kwenye rodi usawa wa kichwa cha silinda, nazima injini, nasubiri dakika 10 na rula mkononi. Kisha naipima tena kesho yake mafuta yakiwa ya moto, kwa sababu mafuta ya moto huwa mepesi na hupita pale ambapo ya baridi yalishindwa.