Warfarini, junia aspirini au dawa mpya? Uliza kwanza habari ya valvu

Mkuu, pole sana na mzee. Nimekusoma: ana miaka 68, presha ya muda mrefu, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) imeonyesha mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, akaandikiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, halafu jirani akawatisha kwamba hiyo ni sumu ya panya. Sasa mnajadili mumrudishe kwenye junia aspirini au mnunue zile dawa mpya. Mimi si daktari. Nimeuguza wawili wenye tatizo hilohilo, mama yangu wa Kibaigwa na baba mdogo hapa Dodoma mjini, na kila mmoja ameishia kwenye dawa yake. Ndiyo maana nakujibu kwa kirefu.

Nianze na aspirini, maana ndiyo inayoniuma. Baba mdogo aliinywa karibu miaka mitatu. Kituo alichokuwa akihudhuria walimwambia inatosha, na sisi tukaridhika: bei nafuu, haina vipimo. Asubuhi moja yuko mkekani anakunywa chai, kikombe kikamponyoka. Akakitazama pale chini kama si chake. Akataka kusema neno, mdomo ukaenda upande. Mkono wa kulia mpaka leo hausokoti tonge la ugali.

Baadaye nilielezwa hivi: chumba cha juu cha moyo kikipapatika badala ya kukamua, damu inatuama kwenye kifuko kilichopo pembeni, upande wa kushoto. Umeona korongo letu mvua ikikata? Maji yanabaki kwenye madimbwi na kuota utando. Damu iliyotuama inaganda vivyo hivyo, bonge likichomoka linapanda kichwani. Mtu mwenye mapigo haya ana hatari ya kiharusi mara 5 hivi kuliko asiye nayo.

Aspirini hailizuii vizuri bonge la namna hiyo, na hili limepimwa. Mwaka 2007 ulitoka utafiti wa BAFTA kutoka Uingereza, wazee 973 wa miaka 75 na kuendelea, wengine warfarini, wengine aspirini. Kwa mwaka, waliopatwa na kiharusi kikubwa au madhara ya jinsi hiyo walikuwa asilimia 3.8 upande wa aspirini na 1.8 upande wa warfarini. Na kuvuja damu kulikozidi kuhofiwa kwenye warfarini? Hakukupishana kwa maana. Mwaka 2011 apiksabani, mojawapo ya zile dawa mpya, ikashindanishwa na aspirini kwa watu 5,599 walioonekana hawafai kutumia warfarini. Utafiti ulisitishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa wazi mno. Kwa hiyo mkuu, nakuomba, msimrudishe mzee kwenye aspirini mkidhani mmechagua njia salama.

Jirani hajasema uongo kuhusu panya. Miaka ya 1920 na 1930 ng'ombe wa kaskazini mwa Marekani na wa Kanada walikuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Maabara ya Karl Link pale Wisconsin ikakitambua kiini chake, ndipo ikaja warfarini, ikauzwa kuulia panya mwaka 1948, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Tofauti ni kipimo. Ndiyo sababu ya INR, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda: inatakiwa isome kati ya 2 na 3.

Sasa dawa mpya. Apiksabani ilishindanishwa na warfarini kwa watu 18,201, matokeo yakatoka 2011: viharusi vilipungua asilimia 21, kuvuja damu kukubwa asilimia 31. Hiyo ndiyo anayotumia baba mdogo sasa, asubuhi na jioni, bila INR, ila figo zinapimwa. Akiruka dozi kinga inaondoka upesi, kwa hiyo mjukuu ndiye anayemkumbusha.

Nikataka na mama ahamie huko, apumzike na safari za basi za kuja kupima. Daktari akakataa, na nashukuru alikataa. Mama aliugua homa ya rumatiki utotoni, ile inayoanza na koo lisilotibiwa, ikambana valvu ya mitrali, yaani mlango wa damu kati ya vyumba viwili vya moyo vya upande wa kushoto. Wenye valvu iliyobana kiasi hicho hawakuwekwa kwenye utafiti ule wa apiksabani. Wao walikuja kupimwa kwenye utafiti mwingine, INVICTUS, watu zaidi ya 4,500 kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wastani wa umri miaka 50, wengi wanawake. Majibu yalitolewa Agosti 2022, na yaliwashangaza wengi: kundi la rivaroksabani, dawa mpya nyingine, walikufa 552, kundi la warfarini na jamaa zake 442. Na hapo INR zenyewe hazikuwa nzuri sana. Hata baadaye kwenye utafiti, zilizokaa sawa zilikuwa kama asilimia 56 hadi 65 tu. Huyo mgonjwa wa INVICTUS ni mama yangu kabisa, nilisoma mwili ukanisisimka.

Warfarini inataka uangalizi, sikufichi. Mwaka juzi mama aliumwa tumbo, akanunua Flagyl dukani bila kusema anatumia nini. Siku ya tano mswaki ukatoka mwekundu na foronya ina madoa. INR ilikuwa zaidi ya 6, Flagyl ilikuwa imeizidishia warfarini nguvu. Tangu hapo daftari lake la kliniki haliachi kwenye mkoba, na diklofenaki ya magoti haigusi. Upande wa chakula tulikosea mwanzoni, tukamkataza mlenda. Mgogo umkataze mlenda! Daktari akatucheka, akasema ale, ila kiasi kilekile wiki zote, maana majani ya kijani yana vitamini K inayopingana na dawa. Shida ni kushindia mlenda masika yote halafu kiangazi usiuguse.

Kwa mzee wako, usiguse dawa yoyote kwanza. Nenda naye, uliza kama ameshafanyiwa eko, ile picha ya moyo ya ultrasound, na valvu ya mitrali inaonekanaje. Kama imebana, warfarini ndiyo yake. Kama ni presha na umri tu, uliza wazi kuhusu apiksabani au rivaroksabani, figo zake zikoje, na mtamudu bei kila mwezi bila kukatisha. Beba na vidonge vyote anavyokunywa, hata vya dukani na dawa za miti, uvimwage mezani daktari avione.

Majibu ya eko yakitoka andika hapa mkuu, nafuatilia uzi huu.