Entre Ríos si kisiwa
Ndugu, umeuliza iwapo jimbo la Entre Ríos nchini Argentina ni kisiwa. Hapana, ingawa limekaribia: magharibi linapakana na Mto Paraná, mashariki na Mto Uruguay, na hata mpaka wake wa kaskazini na jimbo la Corrientes unafuata kwa sehemu kubwa mito midogo ya Guayquiraró na Mocoretá. Ndiyo maana hadi mwaka 1969, lilipofunguliwa handaki la barabara linalopita chini ya Paraná kuelekea jimbo la Santa Fe, magari yalivushwa kwa pantoni, adha ambayo sisi wakazi wa Kigamboni hatuhitaji kuelezwa. Sehemu kubwa ya ardhi ni vilima vya chini. Visiwa halisi vipo kwenye delta ya Paraná, kusini, navyo hufunikwa na maji mto unapofurika.