Jibu: Gospo yenye mdundo wa fanki, uanzie wapi?

Ndugu, nimekuelewa: unakusanya santuri za fanki (muziki wa dansi wa Wamarekani weusi) za miaka ya 1970, umekutana na gospo moja, yaani muziki wa injili, yenye besi nzito, sasa unataka zaidi ila bei zinakutisha.

Sikiliza kwanza, nunua baadaye. Mkusanyiko wa Numero Group, kampuni ya santuri ya Chicago, Good God! A Gospel Funk Hymnal (2006), ni mlango mzuri. Kisha mtafute Mchungaji T. L. Barrett na albamu yake Like a Ship ya 1971. Nakala ya awali ni ghali, ya kuchapishwa upya inatosha masikio.

Ukiwa mbele ya rundo la santuri dukani, usidanganywe na jalada. Makanisa mengi ya Marekani yalijilipia kuchapisha nakala chache za kuwauzia waumini, kwa hiyo utaona majoho ya kwaya tu na mchungaji anayetabasamu. Mimi hugeuza nyuma: wakitajwa wapiga besi, dramu na ogani, naomba niipige. Mara nyingi ni wimbo mmoja tu unaochemka, tena upande wa pili.

Kabla ya kutoa fedha nyingi, mwombe mtaalamu akague namba zilizochongwa karibu na lebo. Nakala bandia zipo.